Kisiki Kilichokatwa Chini Mno

6 Januari

Wifi yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na za paka wa jirani aliyekuja kuzalia kwenye kabati langu la madaftari na sasa ananitazama kana kwamba mimi ndiye mpangaji. Bomba la uani limerudia tabia yake ya kutoa mlio bila maji. Kaka yako yupo, anapumzika, anakusalimu sana. Nilimsomea ile barua yako kwamba umenunua trekta lako mwenyewe, na kwamba madereva wanaume wa hapo shambani wamelibandika jina la Kiroboto kwa udogo wake. Alicheka mpaka akakohoa. Hongera, wifi. Waache wacheke; kiroboto ni mdogo, lakini hakuna anayelala naye kitanda kimoja akapata usingizi.

Sasa shida iliyonifanya nishike kalamu. Leo asubuhi alikuja mkaguzi wa shule za chekechea. Vyumba vyangu viwili alivisifu, vyoo alivisifu, hata makopo ya rangi tuliyoyageuza viti aliyasifu. Tukatoka uwanjani. Watoto thelathini na mmoja walikuwa wamejipanga kumwimbia, naye akawa anarudi kinyumenyume ili awaone wote vizuri. Kisigino kikagonga kisiki. Alianguka chali, kalamu kule, miwani kule, suruali ikachanika mahali ambapo mwalimu hapaandiki. Watoto walidhani ni mchezo, wakampigia makofi.

Alipoinuka hakuwa tena mtu wa kusifu. Ameandika kwa wino mwekundu: kisiki king'olewe na shimo lifukiwe kabla ya tarehe 30 Aprili, la sivyo shule ifungwe. Wifi, shule ikifungwa hatuna kingine cha kushika. Nakuomba uje na Kiroboto siku moja tu, ukivute. Ni kisiki cha ule mkaratusi wa mbele ya nyumba, tuliukata mwezi wa Novemba.

Wifi yako,
Mwalimu


29 Januari

Mwalimu,

Salamu. Barua yako ilikaa wiki mbili kwa karani wa shamba, chini ya birika lake la chai. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto linalonisumbua kwa kukanyaga klachi. Mvua huku imegeuza mashamba kuwa uji, tunavuna kabichi kama watu wanaovua samaki. Hizo ndizo salamu, zimekwisha.

"Tuliukata." Neno hilo umeliweka mwisho kabisa wa barua, nyuma ya paka, nyuma ya bomba, nyuma ya suruali ya mkaguzi, ukidhani nitalipita. Mti ule nilizaliwa nikaukuta. Kaka ndiye aliyenifundisha kuupanda, yeye tawi la juu, mimi la chini yake, akinirushia vijiti kichwani. Nikishuka kwenye basi kule barabarani nilikuwa natafuta kilele chake kwanza, nikikiona najua nimefika kwetu. Mnaukata, halafu mimi naarifiwa kwa sababu tu imebaki kazi ya trekta! Mtu hata akimkata kucha mtoto wa mwenzake humwambia mama yake.

Nani alisema ukatwe? Kaka hawezi kusema hivyo, namjua. Na huko kupumzika kumeanza lini? Fundi wa mapaa, mwezi wa Januari, huko kwenu jua linawaka na kila mtu anaezeka nyumba, yeye anapumzika? Kaka yangu alipumzika mara ya mwisho siku ya harusi yenu, na hata siku hiyo alipanda kurekebisha bati. Umemkalia kichwani, Mwalimu, mpaka amekosa sauti nyumbani kwake mwenyewe.

Siji. Sileti Kiroboto wala kibiriti mpaka unijibu swali moja: nani aliukata mti, na kwa nini. Na uniambie kisiki kiliachwa kwa urefu gani kutoka ardhini. Hilo nauliza kwa ajili ya kazi, si kwa ajili yako.

Dereva


17 Februari

Wifi,

Salamu. Sisi wazima. Paka amehamishia watoto wake kwenye kapu la wanasesere. Mtoto mmoja amengʼoka jino lake la kwanza katikati ya somo la hesabu, akalia akitaka lirudishwe. Kaka yako anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Miaka kumi na tisa nimeolewa kwenye nyumba hii na bado ni kuku mgeni, kamba ingali mguuni. Mama yenu nilimwogesha mimi kwa mikono hii mpaka siku yake ya mwisho, wewe ukiwa kwenye matuta ya watu. Majani ya mti huo nimeyafagia mimi kila asubuhi, na mkaratusi hauna msimu wa kupumua, unamwaga majani mwaka mzima. Leo naulizwa ruhusa nilipata wapi! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Swali lako la kwanza silijibu. Mti umekatwa, basi. La pili: hakuna urefu. Niliwaambia wenye msumeno wakate chini kabisa, usawa wa ardhi, nisione hata kidole. Waliniuliza, "Mama, usawa huu kweli?" Nikawaambia hata chini ya hapo kama wanaweza. Baadaye mvua ikaondoa udongo, ndipo kikachomoza na kuanza kuangusha watu.

Na usidhani nimekunja mikono nakungoja wewe. Kwanza nilimwita mchoma mkaa. Akatoboa matundu, akamimina mafuta, akawasha. Siku tatu watoto walisoma irabu wakikohoa, na kisiki kikabadilika rangi tu. Wiki mbili baadaye kikachipua. Kimechomwa moto, nacho kinachipua majani mabichi pembeni kana kwamba tulikitilia mbolea! Halafu nikamwita mzee mmoja wa machimbo ya mchanga, tunamwita Kofia, ana trekta kuukuu. Alifunga mnyororo kwenye chuma cha juu, pale nyuma ya kiti, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya mbele yakapanda hewani mpaka nikaona tumbo la trekta. Nilipiga kelele iliyosikika sokoni. Mzee Kofia aliteremka, akafungua mnyororo wake, akaondoka bila kuaga.

Zimebaki siku sabini na mbili, naziandika pembeni ya ubao, juu ya tarehe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wifi. Kama huji, ninyamazie.

Mwalimu


5 Machi

Mwalimu,

Salamu kwa wote wenye akili nyumbani humo, yaani watoto na paka. Huku mvua imekatika. Kiroboto amepata tairi mpya za nyuma, na goti langu limepona au limezoea, sijui.

Keti chini uisome hii polepole, kama unavyowasomea watoto. Mmenusurika msiba. Trekta lililofungwa mnyororo juu ya ekseli halivuti kisiki, linajivuta lenyewe. Kisiki kimeshikilia, magurudumu ya nyuma yanataka kwenda, basi pua inapanda, na kabla mtu hajasema "haya" trekta limelala chali na dereva yuko chini yake. Nimeona kwa macho yangu, shamba la pili kutoka hili, mtu mzima mwenye miaka ishirini kazini. Mnyororo hufungwa chini, kwenye chuma cha kukokotea, chini ya ekseli. Na huvuti kwa kurupuka, unavuta kwa kuegemea. Huyo Kofia akirudi mfukuze kwa ufagio.

La pili. Kukata mti usawa wa ardhi! Mwalimu mzima! Anayetaka kungʼoa kisiki huacha shina lifike kifuani, kwa sababu shina ndilo mpini wake. Unalishika juu, unaliyumbisha huku na huku, mizizi inalegea yenyewe. Wewe umekata mpini ukabaki na jembe lililozama. Kila mkata miti anajua hilo, ndiyo maana walikuuliza. Mtu hakati hivyo kwa kutojua, Mwalimu. Hukata hivyo mwenye chuki. Mti ulikufanyia nini?

La tatu ndilo linalonichoma. Tangu Januari nimemwandikia kaka barua mbili, kwa jina lake, na mpaka leo kimya. Kaka ambaye hunijibu wiki hiyohiyo, hata kama ni mistari miwili ya kunitania! Unazificha. Siwezi kuwaza vingine, nimejaribu. Umemkatia mti na sasa umemkatia na ndugu. Kama mmegombana, sema. Kama amekuhama chumba, sema, sitashangaa. Lakini usinifanye mtoto mdogo wa kutumiwa salamu za "anapumzika".

Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Nisipopata jibu, namwandikia huyo mkaguzi mimi mwenyewe, kwamba nyumba hiyo ni ya marehemu baba yetu, na mimi mtoto wake sikuridhia shule ndani yake. Tuone kama itaifikia hiyo Aprili.

Dereva


21 Machi

Wifi,

Leo salamu utazitafuta mwenyewe humu ndani, ukizikuta.

Unataka kumwandikia mkaguzi. Soma kwanza, kisha uandike; karatasi zikikuishia nitakutumia.

Kaka yako hatembei. Hatembei tangu Jumapili ya tarehe 10 Novemba. Alianguka kutoka kwenye ule mkaratusi, akaangukia mgongo, nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka pale. Alikaa hospitalini wiki saba. Daktari ametuambia miguu haitarudi. "Anapumzika" ni neno tulilokubaliana mimi na yeye, kwa sababu si uongo kamili.

Unauliza mti ulinifanyia nini. Uliza alipanda kufanya nini. Mwezi wa Oktoba ulimwandikia barua, ninayo hapa mezani. Umeandika hivi: "Lile tawi linaloegemea paa litatuulia watoto wa shule siku ya upepo. Panda ulikate wewe mwenyewe, usiite mtu. Au umezeeka, fundi?" Aliisoma akacheka. Akaisoma tena, hakucheka. Wewe hukujua kwamba alikuwa ameacha kupanda mapaa tangu mwaka juzi, magoti yalikuwa yanamdanganya, vijana wake ndio waliokuwa wakipanda naye anawaelekeza kutoka chini. Hakukuambia. Kwako alitaka abaki yule wa tawi la juu. Jumapili hiyo akaniambia, "Dereva ananiita mzee," akachukua msumeno wa mkono. Nilimwambia ashuke. Nilimwambia mara tatu, mara ya tatu nikimtukana.

Ulimi hauna mfupa, na kalamu vilevile. Najua ulikuwa utani wenu. Yeye anajua kuliko mimi. Alipozinduka hospitalini hakuuliza habari ya miguu. Alisema, "Dereva asijue." Akaniapisha, nikiwa nimemshika mkono wenye sindano. Barua zako zote mbili amezisoma. Hajakujibu kwa sababu kudanganya kwa maandishi hawezi, mikono yake inakataa. Wenye msumeno niliwaita mimi, siku ya nne, yeye akiwa bado hospitalini. Na ndiyo, nilikata kwa chuki. Nilitaka ardhi isionyeshe kwamba pale palikuwa na kitu chochote. Hilo peke yake ndilo ulilopatia.

Miezi miwili nimeyala matusi yako ili wewe usilale na jambo hili, na ningeendelea kuyala. Lakini umeigusa shule. Shule ndiyo inayomlisha kaka yako, na ndiyo inayomnunulia dawa. Kwa hiyo nimevunja kiapo changu. Lala nalo na wewe.

Mwalimu


12 Aprili

Wifi,

Salamu. Sisi tuko kama tulivyo.

Wiki tatu sijapata hata mstari. Sikuandikii kukuomba radhi. Niliyoyasema ni ya kweli na ningeyasema tena, labda kwa maneno machache zaidi. Zimebaki siku kumi na nane. Wazazi watatu wamekwisha kuhamisha watoto wao, wanaogopa kukosa nafasi kwingine. Kaka yako ananiuliza kila siku kama umeandika, nami nikisema hapana ananitazama sana. Nadhani ameanza kunusa.

Kama umenikasirikia, sawa. Nikasirikie ukiwa umekaa juu ya trekta.

Mwalimu


19 Aprili

Mwalimu,

Salamu. Barua zako zote mbili nimezipata. Hii nampa dereva wa lori la mboga aifikishe kwa mkono. Kwa mkaguzi sikuandika.

Nakuja Jumamosi tarehe 26, Kiroboto akiwa amepakiwa juu ya lori hilohilo. Kabla sijafika fanyeni haya. Chimbeni kukizunguka kisiki, upana wa mtu kulala, kina cha goti. Bomba likikubali kutoa maji, mwagieni mizizi mpaka udongo uondoke wote, maana shoka likikutana na mawe mtakuwa mnalinoa siku nzima. Kila mzizi wa pembeni uukate mahali pawili na kipande cha katikati ukitoe kabisa. Ukikata mahali pamoja tu unakuwa umejidanganya, ncha zitashikana tena mara tu kisiki kikisogea. 

Nitafutie ringi ya chuma ya gurudumu la lori, isiyo na tairi. Gereji yoyote inayo, imetupwa nyuma. Kwa kuwa ulikata mpini, ringi ndiyo itakuwa mpini wetu. Tutaisimamisha wima ubavuni mwa kisiki, mnyororo upite juu yake; trekta likivuta kwenda mbele, kisiki kitavutwa kwenda juu.

Watoto wasiwepo. Hata mmoja. Watu wazima wasimame mbali, mara mbili ya urefu wa mnyororo, kwa sababu mnyororo ukikatika hauchagui wa kumpiga.

Kuhusu mengine sina la kuandika.

Dereva


4 Mei

Wifi,

Salamu. Mkaguzi alikuja tarehe 29. Alizunguka uwanja mzima akiangalia anakokwenda, akasimama pale tulipofukia, akapakanyaga kwa kisigino mara tatu, akasaini. Shule haifungwi. Kati ya watoto watatu waliohamishwa, wawili wamerudi. Asante, wifi. Nimeisema na ni ya kweli. Sasa nisikilize.

Ulifika saa moja asubuhi. Chai yangu uliinywa umesimama uani, macho kwenye shimo. Uliwalaani wazazi waliochimba, ukasema wamekata mizizi kama wanaopunguza nywele, ukashuka shimoni mwenyewe na shoka. Ulipokuwa unafunga mnyororo mimi nikaingia ndani. Labda ulidhani nimekimbia kelele. Nilikwenda kumsogeza kaka yako dirishani. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la mikono mirefu tangu alfajiri, kwa sababu siku barua yako ilipofika nilimwambia yote, kwamba nimevunja kiapo na kwamba unajua. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi atakuja."

Acha nikuambie usiyoyaona. Ulivuta mara ya kwanza, Kiroboto akaguna, tairi zikachimba, kisiki kimya. Kaka yako akasema peke yake, kioo kimefungwa, "Asiongeze mafuta. Apumzishe." Ukapumzisha. Ukateremka kuchungulia, akasema, "Bado kuna mzizi wa upande wa bomba, umepita chini." Ukachukua shoka ukaenda upande wa bomba. Nilimtazama yeye, nikakutazama wewe, nikashikwa na wivu, nakuambia kweli. Mara ya tatu uliegemea tu, gia ya kwanza, taratibu mno. Tukasikia kitu kinapasuka chini ya ardhi, hata sakafu ya chumba ilijua. Kisiki kikapanda juu ya ringi, kikageuka upande, mizizi inaningʼinia na udongo unamwagika. Wazazi huko nje walikuwa wanarukaruka. Kaka yako aligonga fremu ya dirisha kwa kiganja mpaka nikaogopa kioo. Alikuwa analia na alikuwa anakuita. Alikuita kwa lile jina lako la utotoni ambalo mimi sina ruhusa ya kulitumia.

Nawe ulifanya nini? Ulikunja mnyororo. Ulinawa mikono bombani, hatua sita kutoka dirisha lile, mgongo umeligeuzia. Ukaniambia lori halingoji. Lori lilikuwa limezimwa injini na dereva wake amelala kivulini chini yake, nilimwona! Siku nzima uko nyumbani kwa baba yako na kizingiti hukukikanyaga.

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku niliyoukata mti sikuwa nayo. Alikaa pale dirishani mpaka saa kumi jioni. Nilipotaka kumrudisha kitandani akaniambia tungoje kidogo, huenda umesahau kitu utarudi kukichukua. Mimi ndiye niliyesikia hayo, si wewe. Umeniokolea shule, na shule naipenda, lakini kama ningejua utakuja na kumpita hivyo ningekiacha kisiki palepale nikatafuta uwanja mwingine.

Habari za trekta usiniandikie tena.

Mwalimu


20 Mei

Mwalimu,

Salamu kwako na kwa watoto, pamoja na wale wawili waliorudi. Huku tumeanza kupanda karoti. Karani amehamishwa, aliyekuja ni mwanamke na barua sasa zinanifikia siku hiyohiyo zinapoletwa shambani, kwa hiyo ya kwako ninayo tangu tarehe 9. Kuchelewa kujibu ni kwangu mwenyewe.

Nilimsikia. Injini ilikuwa imezimwa na nilimsikia vizuri kabisa akiniita. Usinitetee kwa lolote, hata moyoni mwako.

Sikuingia kwa sababu nilijua atanisamehe. Angesema si kitu. Angeipiga miguu yake makofi na kuitania, namjua, na mimi ningetakiwa nicheke ili yeye asihuzunike. Sikuwa na uso huo. Kama ningejua atanitukana ningeingia mbio. Wewe ulinitukana, na unaona, nilikuja.

Na hasira nawe ninayo bado, afadhali ujue. Miezi minne mlinificha. Mlikaa wawili mkaamua kwamba mimi ni mtu wa kufichwa. Nilikuwa na haki ya kuwa pale hospitalini, nimshike kichwa anywe dawa, nikijua kabisa ni mimi niliyempandisha. Badala yake mkaniacha huku nichekecheke na Kiroboto wangu, nikuandikie wewe matusi, wewe uliyekuwa unamgeuza ubavu kila baada ya saa mbili na kuingia darasani na macho mekundu. Yale niliyoandika siwezi kuyarudisha. Nimeyasoma tena kichwani, hasa lile la mkaguzi, na nimeona haya mbele ya kabichi. Nisamehe hilo. Hayo ya kunificha mimi nitayasamehe polepole, sikuahidi lini.

Nimeomba likizo ya mwezi mzima. Msimamizi alikataa, nikamwambia basi naacha kazi, akakubali. Kiroboto anabaki hapa, funguo nimemwachia karani. Nakuja kwa basi Jumamosi tarehe 31. Utanifundisha kumgeuza, kumwogesha, kumweka kitini, yote, nawe ufundishe watoto wako bila kukimbia ndani kila kengele ikilia. Nikikosea unigombeze, hilo unaliweza.

Usimtayarishe. Usimwombe awe mpole kwangu. Akinichekea nitakaa, akinifukuza nitakaa vilevile. Mwambie tu nilimsikia alivyoniita, na nakuja kuitika.

Wifi yako